Shikamoo ya Hatua ya Tano

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla sijafika mbali naomba usinicheke, kwa sababu mke wangu amekwisha kucheka kwa niaba ya watu wote, alicheka mpaka akakaa kwenye sakafu ya jikoni akiwa bado na sare yake ya uuguzi, kwa hiyo kicheko nimepata cha kutosha na sasa natafuta akili.

Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia, nina miaka hamsini na sita, mke mmoja, mtoto mmoja wa kike, na mtaani kwetu hakuna anayeniita kwa jina nililopewa na wazazi, wananiita Hakirudi, kwa sababu juu ya mlango wa karakana yangu nimeandika kwa rangi nyekundu kwamba kilichotengenezwa hapa hakirudi, na kweli hakirudi, waulize majirani. Nakutajia hilo si kwa kujisifu, au tuseme najisifu kidogo tu, ila hasa kwa sababu kuna kitu kimoja nilikiharibu kabla sijapata jina hilo, na sasa, miaka ishirini na minane baadaye, kinanirudia.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye ukumbi wa michezo ya mashine, yale makabati makubwa ya mbao yenye kioo cha televisheni usoni, unatumbukiza sarafu, mkono wa kushoto unashika fimbo na wa kulia unabonyeza vitufe. Tulikuwa nayo sita. Matano yalikuwa ya mbio za magari na ya ngumi, watu waliyajua, la sita lilikuwa mchezo wa vita vya angani unaoitwa Torvaki, ambao hakuna aliyekuwa ameusikia kabla ya hapo wala aliyeusikia tena baadaye, mwenye ukumbi alipewa kama nyongeza aliponunua yale mengine, na nilikuja kujua kwamba hata huko ng'ambo ulikotoka waliunda mashine chache tu kisha kampuni ikafungwa. Wewe una chombo kidogo chini ya kioo, maadui wanashuka kutoka juu kwa makundi, unawapiga, wanakupiga, halafu ukifika hatua ya tano inashuka meli moja kubwa ya zambarau, katili kuliko wote, inamwaga risasi kama mtu anayemwaga mchele, na hapo kila mtu alikufa, akatukana, akahamia kwenye magari.

Asubuhi moja Torvaki ikagoma kuwaka. Mwenye ukumbi alikuwa safarini, na kabla ya kuondoka alikuwa amenionya kwa kidole kabisa kwamba kazi yangu ni sarafu na ufagio, nikifungua mgongo wa mashine yoyote nitafute kazi kwingine, yeye ana fundi wake. Lakini mimi nilikuwa nimejifunza redio kwa baba mdogo, nikajiona sishindwi. Nikafungua. Nikachomoa vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu, nikaisugua miguu kwa mswaki na spiriti, nikavirudisha kimoja kimoja, na cha mwisho mguu mmoja ukakatika mkononi mwangu. Nikachukua kipande cha waya wa redio, nikachomelea upande mmoja kwenye kisiki cha ule mguu na upande wa pili kwenye tundu nililodhani ndilo, jasho linanitiririka. Nikawasha. Ikawaka safi kabisa. Nikafunga, nikafagia mara mbili, nikajiona bingwa.

Mchana akaja dereva mmoja wa lori, ndiye aliyekuwa hodari wetu wa Torvaki, akapanda hatua moja baada ya nyingine mpaka ya tano, meli ya zambarau ikashuka, na haikupiga. Haikupiga hata risasi moja, mshauri. Ikaja polepole, ikaenda kushoto, ikaenda kulia, kama mgeni anayetafuta nyumba ya mwenyeji wake, kisha ikapanda juu ikaondoka zake, na mchezo ukaendelea kwenye hatua ya sita ambayo hakuna binadamu wa mtaa ule aliyewahi kuiona. Dereva akageuka kuniangalia. Na binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, ambaye nilikuwa naye kazini kwa sababu mama yake alikuwa zamu ya mchana, alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda kando ya mashine ile ile, akaniuliza mbele ya watu wote, "Baba, mbona huyu hapigi?"

Mtu mwenye akili zake angesema sijui. Mimi niliona kazi yangu inatoka mlangoni, nikafungua mdomo na maneno yakaja yenyewe, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma kitabu cha mashine, "Huyo si adui. Huyo ni shangazi yao, anapita kuwajulia hali. Unamwamkia, anapita." Na ili waniamini nikamwomba dereva acheze tena, na meli iliposhuka nikainamisha kichwa mbele ya kioo nikasema shikamoo shangazi, tena kwa heshima zote.

Basi huo ukawa utaratibu. Sikuupanga, lakini ndani ya wiki moja hakuna aliyecheza Torvaki bila kuinua mikono yote miwili kutoka kwenye vitufe pale hatua ya tano, ukumbi mzima, hata wale wa ngumi na wa magari, walikuwa wanageuka na kusema kwa pamoja shikamoo shangazi, na anayempiga risasi shangazi alitolewa kwenye mashine na zamu yake akapewa mwingine, na siku moja askari wa barabarani aliyekuwa amekuja kwa mara ya kwanza alimpiga bila kujua, wakamlazimisha akiombe radhi kioo, na akaomba. Mwenye ukumbi aliporudi alikuta foleni ya Torvaki imefika nje, akaniuliza kuna nini, nikamwambia mashine hizi zina siri zake, mzee, ukizijua zinakulipa, na akaniamini kwa sababu foleni ilikuwa mbele ya macho yake. Baada ya miaka minne ukumbi ulifungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, mimi nikahamia kwenye friji, na ule waya wangu ukaenda ulikokwenda.

Sasa sikiliza. Binti yangu ana miaka thelathini na mitano, ni mtaalamu wa programu za kompyuta, alikuwa na kazi yake nzuri benki, na miaka miwili iliyopita akaiacha. Hakutuambia sababu, alisema tu ana kitu anakitengeneza. Alikodi chumba juu ya duka la mapazia, yeye na wenzake wawili, mmoja mchoraji na mwingine mpiga kinanda, wanakaa humo kutwa na madirisha wazi, mama yake anawapelekea chakula na kurudi akisema wana furaha mno kwa watu wasio na kazi. Halafu mwaka jana akaja nyumbani na kompyuta yake, akaiweka mezani, akasema, "Baba, kaa vizuri. Nimetengeneza sehemu ya pili ya Torvaki."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini taratibu sana.

Alikuwa amemtafuta mtu aliyeubuni ule mchezo, mzee wa miaka themanini na mmoja huko ng'ambo, akamwandikia kuomba ruhusa, na yule mzee akajibu kwamba hakujua kama duniani kuna mtu anaukumbuka, fanya utakavyo binti, tena usinionyeshe mpaka uwe tayari, na kwamba anafurahi zaidi kusikia anaipenda meli ya hatua ya tano kwa sababu hiyo ndiyo aliyoihangaikia kuliko zote. Binti yangu aliichapisha barua ile akaibandika ukutani. Na mchezo wenyewe, mshauri, hauna risasi hata moja ya kwako. Vita viko pale pale, lakini safari hii wewe ndiye shangazi. Unapita katikati ya vita na vifurushi na habari za ndugu wa upande huu kuwapelekea ndugu wa upande ule, huna bunduki, una kitufe kimoja tu, nacho ni cha kuitikia marahaba. Ukimkaribia adui kwa utulivu bila kumkimbia anaondoa kidole chake, anakuamkia, nawe unaitika, anakuachia njia, na ukichelewa kuitika ananuna na kuanza kupiga upya. Nilicheza mpaka mwisho. Nilitokwa na machozi nikasingizia vumbi la karakana, na mke wangu akaniuliza vumbi gani sebuleni.

Watu wameupenda kabla haujatoka. Jumamosi ya wiki ijayo unazinduliwa, kwenye ukumbi wa mikutano wa maktaba, viti mia tatu, na vyote vina watu. Amewatafuta wateja wetu wa zamani, yule dereva wa lori atakuja, siku hizi anatembea na mkongojo, hata mwenye ukumbi bado yu hai na kiti chake kiko safu ya mbele. Na Jumapili iliyopita binti alisimama sebuleni kwetu, kijiko mkononi kama kipaza sauti, akatusomea hotuba yake ili tumwambie kama ni ndefu. Nimeishika kichwani. Alisema, "Nilipokuwa na miaka saba nilidhani kila kitu kilichoko juu kinashuka kutupiga. Kisha nikaona kimoja kinashuka na hakipigi. Nikajua kwamba mahali fulani kuna mtu mzima aliyeketi akaamua hiki kisipige. Tangu siku ile ninajua kwamba mtu anaweza kuamua." Halafu atamshukuru yule mzee, ambaye atakuwa anaonekana ukutani kwa mtandao, na yule mzee amewaandalia zawadi. Amepata mashine moja nzima kwenye banda lake. Ataiwasha, atacheza mwenyewe mpaka hatua ya tano, na watu mia tatu watasimama na kumwamkia shangazi kwa pamoja, na mzee naye amefundishwa kusema shikamoo, anafanya mazoezi kwenye simu.

Mshauri, mashine ya yule mzee haijawahi kuguswa na mimi.

Nikimwambia mwanangu, ninamng'olea msingi wa kitu alichokijenga miaka miwili na kukiachia kazi ya benki, ninamwambia hakuna mtu mzima aliyeamua kitu, kulikuwa na mpumbavu mmoja na kipande cha waya. Nisipomwambia, Jumamosi watu mia tatu watasimama kwa heshima zao, watainua mikono, watasema shikamoo, na shangazi atawamwagia risasi, na mwanangu yuko jukwaani. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kuzima umeme, swichi kuu ya jengo lile naijua kwa sababu friji ya mgahawa wao naitengeneza mimi. Nimefikiria kumwandikia mzee kwa siri nimwombe akate mguu mmoja wa kidude kimoja, na naweza kumwelekeza ni upi. Wiki iliyopita nikamwambia mke wangu, ndipo alipokaa sakafuni, na alipomaliza kujifuta macho alisema, "Mwambie mwenyewe. Mimi simo." Na kila nikijaribu, mtoto anaingia na uso wake umejaa furaha, anataka kuniimbia wimbo ambao mpiga kinanda ametunga wa shangazi, naishia kumwandalia chai.

Niseme au nikae kimya? Na nikisema, nianzie wapi?

Ni mimi,
Hakirudi

*

Fundi,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, lakini uliponiambia unaweza kumwelekeza mzee wa miaka themanini na mmoja ni mguu upi akate, nilishindwa, na ofisi nzima ya gazeti ilikuja mezani kwangu kuuliza kuna nini. Wiki hii nimepokea barua thelathini na mbili, zote za mawifi na wakwe isipokuwa yako. Nakushukuru, umeninyoosha mgongo.

Sasa tuache kucheka. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno moja. Umeniandikia jasho, kidole cha tajiri wako, kazi iliyokuwa inatoka mlangoni, mpaka mswaki na spiriti, lakini hujaandika mahali popote kwamba uliogopa. Wala huandiki kwamba unaogopa sasa. Unasema unaogopea msingi wa mwanao, samahani, hata hilo hukusema hivyo, ulisema utaung'oa, kana kwamba ni kazi ya mikono. Fundi, ulikuwa baba kijana mwenye mtoto juu ya kreti ya soda, umevunja kitu ambacho ulikatazwa kukigusa, na watu wanakutazama. Hofu yako siku ile naielewa na wala sikulaumu kwayo. Ninayokulaumu kwayo ni hii ya leo. Huogopi aibu ya binti yako peke yake. Unaogopa kwamba mwenye ukumbi atakuwa safu ya mbele, na mtaa mzima utajua kuwa Hakirudi naye aliwahi kuharibu. Ukikubali hilo mwenyewe, nusu ya barua yako inakwisha.

Nusu iliyobaki ndiyo yenye maana, na hapo umekosea hesabu vibaya. Unasema hakuna mtu mzima aliyeamua, kulikuwa na waya tu. Hebu rudi kwenye barua yako uisome kama mtu wa nje. Waya ulifanya nini? Ulizuia risasi. Basi. Waya ukamaliza kazi yake asubuhi ile. Nani alisema huyo si adui? Nani aliyempa undugu na watu wa ukumbini? Nani aliinamisha kichwa mbele ya kioo, mtu mzima na akili zake, akamwamkia? Mashine ikiharibika watu hupiga teke ubavuni na kudai sarafu yao. Wateja wako waliinua mikono na kusema shikamoo, na askari wa barabarani akaomba radhi, kwa sababu mtoto aliuliza swali na baba yake akachagua jibu. Ungeweza kusema imeharibika. Ungeweza kusema ni adui amelala, mpigeni upesi kabla hajaamka, nao wangempiga kwa furaha. Wewe ulisema ni shangazi.

Binti yako anaamini kuna mtu mzima aliyeamua. Yupo. Amekosea anwani tu.

Lakini usinielewe vibaya ukavimba kichwa. Hukuamua kwa wema. Uliamua kwa kutapatapa, mbele ya watu, ukiwa umejificha nyuma ya uongo, na ikatokea kuwa kitu kizuri ambacho uliacha wengine wakibebe. Ukimwendea mwanao umwambie nusu zote mbili. Ukimwambia waya peke yake utakuwa umemdhulumu yeye, na ukimwambia shangazi peke yake utakuwa umejipendelea wewe. Mimi ni shangazi wa watoto kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoa kidole chake kwenye chochote kwa ajili yangu, kwa hiyo najua ninachokuambia: heshima ile haikuwa kitu kidogo, na watu wale walikuwa wanaitaka, ndiyo maana foleni ilifika nje.

Yuko pia mzee wa watu. Umemfikiria kama mtu wa kukukatia mguu wa kidude, hukumfikiria kama fundi mwenzako. Meli ile ya zambarau aliihangaikia kuliko zote. Ni kazi ya mikono yake, aliikusudia iwe kali na ilikuwa kali. Jumamosi angetaka kuona watu wakishtuka na kupiga kelele, kama ambavyo wewe ungetaka friji yako igandishe. Badala yake angepewa shukrani za kitu ambacho hakukifanya, na kitu alichokifanya kingewafadhaisha wote. Ana haki ya kujua kabla ya siku yenyewe, na hilo si lako kumwambia. Ni la binti yako, wao ndio wanaoandikiana.

Sasa fanya hivi. Usizime umeme, kuna watu watakuwa kwenye ngazi. Usiugue, una mke muuguzi, atakupima mbele ya wageni. Barua ya siri kwenda ng'ambo ichane kama umekwisha kuianza, nami naamini umekwisha kuianza.

Kesho, siyo keshokutwa, funga karakana saa nne asubuhi na uende juu ya duka la mapazia. Nasema huko kwa makusudi. Nyumbani utaandaa chai, na umeniambia mwenyewe chai inaishia wapi. Waombe mchoraji na mpiga kinanda wakupishe nusu saa. Binti akikuonyesha kitu kipya, mwambie utakiona baadaye. Usianze na historia ya mashine wala na baba mdogo na redio. Uliniuliza uanzie wapi, anza na sentensi hii, ijifunze njiani: "Mwanangu, ile meli niliiharibu mimi, na la shangazi nililitunga mimi." Kisha nyamaza. Atakuwa na maswali, ni mtu wa kompyuta, atataka kujua kidude kipi na mguu wa ngapi, nawe mchoree. Akicheka, usimkatize kumwambia kwamba hujamaliza. Akilia, usimtengeneze, si friji, kaa karibu naye tu mpaka amalize kulia. Na akikuuliza kwa nini hukusema miaka yote hii, jibu ni lile neno ambalo halimo kwenye barua yako.

Baada ya hapo mikono mfukoni. Hotuba ni yake, uzinduzi ni wake. Anaweza kuamua mzee awashe mashine yake vilevile, watu waione meli jinsi ilivyozaliwa, wamiminiwe risasi, kisha ndipo asimulie. Anaweza kuamua kufuta kipande chote. Anaweza kukwambia usimtajetaje shangazi mbele ya watu. Lolote atakalochagua, wewe sema sawa, wala usimshauri kitu. Mke wako aliposema yeye hayumo alikuwa na akili kuliko wewe na mimi, mwige.

Kwa mwenye ukumbi nenda mwenyewe kabla ya Jumamosi, umwombe radhi kwa maneno machache. Amekula foleni ile miaka minne, hatakufukuza kazi.

Na Jumamosi vaa shati zuri, uketi mahali ambapo binti yako anaweza kukuona bila kukutafuta. Akifika pale kwenye hotuba ambapo alikuwa anamshukuru mtu, sijui atasema nini, lakini nimewasikiliza watoto wa watu kwenye safu hii miaka mingi na nina dhana yangu. Akikuita, wote mia tatu watageuka. Utataka kuinama kana kwamba umedondosha kitu chini ya kiti. Usiiname. Simama wima, mikono yako ionekane. Mtoto yule ana miaka thelathini na mitano, aliacha kazi, akaandika barua mpaka ng'ambo akimtafuta mtu wa kumwambia asante, na muda wote huo mtu huyo alikuwa baba yake.